Stebilaiza ya Mzee Kasereka

Mmoja wenu, vijana mnaoanza kuwinda kwa upinde, alinitumia picha za stebilaiza kwenye simu, nyingi kama nguo za mnadani, akaniuliza, "Mama Okot, nichukue ipi?" Nikamuuliza upinde wake ukienda porini unabeba nini. Mpaka leo hajajibu na mimi nimechoka kusubiri, ndiyo maana nimeamua kuwaandikia wote kwa pamoja. Nafasi ninayo. Tangu nistaafu, chumba changu hapa Namuwongo, Kampala, kina kelele moja tu, ya treni, nayo haipiti kila siku. Mume wangu, askari wa jeshi, nilimzika kwao kaskazini, na watoto wako mbali na hupiga simu wakiwa na haraka. Basi nikizidisha maneno mnivumilie, kwa sababu kuna siku inaisha sijasikia hata sauti yangu mwenyewe.

Kwanza tuelewane. Upinde ninaouzungumzia si ule wa babu zenu. Ni upinde wa kompaundi, wenye kapi juu na chini, ambao ukiuvuta mpaka mwisho unapunguza ukali ili uweze kusubiri mnyama asimame vizuri. Stebilaiza ni fimbo inayofungwa kwa skrubu mbele ya upinde, chini kidogo ya mshikio. Kwenye ncha yake kuna vipande vya chuma vya kuongeza uzito, na mpira wa kumeza mtikisiko. Kazi yake ni kuutuliza upinde usiyumbe mkononi na usipige kelele kamba inapoachiwa. Wanaowaambia kwamba inamfundisha mtu kulenga wanataka kuwauzia.

Kampuni niliyoifanyia kazi ilikuwa ikipeleka wageni kuwinda kwa leseni, na karakana yake ilikuwa Kawempe, na nyuma yake palikuwa na uwanja mdogo wa kulengea. Mimi niliingia pale kama mshonaji. Nilishona mikanda na podo za kubebea mishale, na sikuwa na mpango wa kujua kitu kingine. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi, baba yangu alikuwa askari, na kuhusu silaha nilijua jambo moja tu, kwamba hazichezewi. Aliyenitoa kwenye cherehani ni marehemu Mzee Kasereka, fundi wa pinde, Mkongomani wa Butembo aliyekuja Kampala kama mkimbizi na sanduku la vifaa vyake. Siku moja alisimama mlangoni mwangu na upinde mkononi.

"Mama Okot, kuya hapa. Unikopeshe macho."

Alikuwa ameshawaomba wanaume wa karakana, wakamcheka. Walidhani mzee amechanganyikiwa, fundi mzima anavuta upinde huku amefumba macho. Mimi nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kushona.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kwenye kilengeo cha upinde kuna kipimamaji kidogo chenye kipovu, kama kile cha waashi. Upinde ukisimama wima, kipovu kinakaa katikati. Ukiinama, kinakimbia. Fundi anaweka mshale, anaelekea kwenye marobota ya nyasi, anafumba macho, anavuta, anaacha mkono utulie unavyotaka wenyewe. Kidole kinakaa mbali na kifyatulio, kile kidude cha mkononi kinachoachia kamba. Akifumbua tu, mkono unajisahihisha kabla hata hajajua, na ule ukweli unakuwa umeshapotea. Kwa hiyo lazima mtu wa pili asimame nyuma ya bega lake asome kipovu wakati macho ya mvutaji bado yamefumbwa. Unasema "kulia" au "kushoto" au "sawa", basi. Nikawa msomaji wa kipovu wa Mzee Kasereka, na baadaye yeye akawa wangu. Mtu mmoja peke yake hawezi kuchagua stebilaiza vizuri, na dunia nzima ya video zenu haitabadilisha hilo.

Jambo la pili: mvike upinde nguo zake zote kabla ya kupima. Podo na mishale ndani yake, kilengeo, kila kitu. Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, mizigo hiyo yote huning'inia upande wa kulia, na upinde utalalia huko. Ukiupima upinde mtupu dukani, utanunua dawa ya ugonjwa ambao huna. Ndiyo maana nilimuuliza yule wa picha upinde wake unabeba nini. Natumaini anasoma.

Kuhusu urefu, nitawapa kisa. Tulikuwa na mgeni mmoja, mtu mpole tu, aliyekuja na stebilaiza ndefu ya mashindano, nyeusi inayong'aa, nusura iingie mlangoni kabla yake. Nikamwambia ile ni ya uwanjani, na porini atakaa ndani ya kibanda cha kuvizia chenye dirisha dogo. Akacheka, akasema ameizoea. Nikakubali shingo upande. Kiongozi wa msafara alinihadithia yaliyotokea. Walikaa kibandani tangu asubuhi, wakala biskuti kwa kunong'ona, mwishowe tohe dume akatokea na kusimama ubavu wazi, mnyama wa kuchorwa kwenye kalenda. Mgeni akainua upinde taratibu na ncha ya stebilaiza ikagonga fremu ya dirisha: ko! Tohe hakungoja kujua ni nani anabisha hodi. Mgeni aliporudi alinitazama kana kwamba dirisha lile nilikuwa nimelipachika mimi. Kwa porini chukua fupi, na kama fupi haikutulizi, ongeza uzito kidogo kwenye ncha. Uzito ulio mbali na mkono una nguvu kuliko uzito ulio karibu, kwa hiyo kidogo kinatosha.

Kidogo, nimesema. Mimi mwenyewe nilipoanza kujiona fundi niliamini kwamba uzito ukituliza, basi uzito mwingi utatuliza zaidi. Nikaufungia upinde wangu vipande vya chuma mbele, vipande nyuma, hadi ukawa mkungu wa matoke. Nikavuta, ukatulia kama mlima. Nikajisifu. Mzee Kasereka alisimama nyuma ya bega langu akanitaka nisiachie. Nikakaa. Bega likaanza kuwaka moto, kisha mkono ukaanza kucheza, kisha upinde mzima ukawa unatikisika na mimi pamoja nao.

"Nyama haiko haraka, Mama," akasema. "Wewe njo uko haraka."

Basi pimeni mkiwa mmechoka, si mkiwa wabichi, na kaeni mmevuta kwa muda ambao mnyama mwenye wasiwasi anaweza kuwakawiza. Uzito unaofaa ni ule ambao bega linaubeba mpaka mwisho wa subira hiyo. Mkishachagua, msiukabe mshikio. Uacheni ulale kwenye kiganja, na mshale ukishaondoka upinde uiname mbele wenyewe. Ukiinamia ubavuni, rudini kwenye kipovu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kampuni ilipotustaafisha, ilituacha tuondoke na pinde zetu, na askari wa getini akaambiwa aturuhusu kutumia uwanja Jumapili, siku ambayo hakuna kazi. Mimi sikwenda. Nilikuwa nimechoka na Kawempe, na nilidhani nyumbani kuna vitu vinanisubiri. Mzee Kasereka alikwenda. Mke wake alifia Kongo kabla hajavuka mpaka, na mwanawe mmoja alipelekwa kuishi nchi ya baridi huko mbali, ambako nadhani hata salamu huganda njiani. Kila Jumapili alitoka kanisani akaenda uwanjani kutupa mishale peke yake. Aliniambia hivyo kwa simu mara moja, na mimi nikamjibu "vizuri Mzee" huku nikichambua maharage.

Halafu akapata kiharusi. Nilimkuta hospitali ya Mulago, uso umeshuka upande mmoja, mkono wa kushoto umelala juu ya shuka kama wa mtu mwingine. Kwa yeye anayevuta kwa kulia, mkono wa kushoto ndio unaoshika upinde. Alipopona kiasi cha kutembea alinipigia simu, na maneno yake nayakumbuka yote, kwa sababu hakuwa mtu wa kuomba.

"Mama Okot, mi nilibakia na upinde tu. Kama huu mukono inakataa, ntakuwa nakaa ku kiti naangalia mulango. Kuya unitafutie stebilaiza ya mukono mugonjwa."

Nikaenda. Askari wa getini alinifungulia akanionyesha kwa kidevu. "Muzee iko ndani, nnyabo. Iko nangoja wewe toka asubuhi." Alikuwa amekaa kwenye benchi na koti lake la kanisani, upinde magotini, thermosi ya chai kando.

Nililegeza kwanza ukali wa kamba, hadi ukawa upinde wa mtoto wa shule, na hilo alilipokea kama mtu anayemeza kwinini. Kisha tukaanza. Watu wangemwambia mkono unaotetemeka unataka uzito mwingi, na nilijaribu hivyo makusudi ili aone mwenyewe. Ulitulia kidogo, kisha bega likakata tamaa na kila kitu kikaanguka. Nikajaribu fimbo ndefu yenye uzito mdogo. Mkono ule mgonjwa haukuweza kuibeba mbele, ncha ikawa inachora duara hewani. Alifumba macho, akavuta, mimi nyuma ya bega lake nasoma: kulia, kulia, kulia sana. Jasho lilimtoka. Nilimwambia tupumzike akakataa, nikamwambia mimi ndiye niliyechoka, akakubali.

Kilichotusaidia ni kuuleta uzito nyumbani. Nilimfungia fimbo fupi mbele, na nyingine fupi nikaigeuza nyuma, upande wa kushoto, ielekee kiunoni kwake, na kipande kimoja cha chuma kwenye ncha. Mzigo ukakaa karibu na mwili, na podo ya kulia ikapata mwenzake wa kushoto. Mzee akafumba macho, akavuta. Mkono ulitetemeka, siwadanganyi, lakini ulitetemeka palepale, haukutangatanga. Nikasema "sawa". Akafumbua, akaachia, na mshale ukaingia kwenye nyasi. Haukuingia katikati, lakini uliingia. Aliushusha upinde akalia bila kujificha, na mimi nikamwaga chai kikombeni ili nipate pa kutazama.

Nilirudi Namuwongo nimefurahi kama niliyezaa. Kazi imekwisha, nikajisemea. Kabla ya Jumapili iliyofuata simu ikaita.

"Mama Okot, ile ya nyuma imelegea. Kipovu inakimbia."

Nikaenda, nikaikaza. Tukapima, sawa. Tukanywa chai na karanga. Jumapili iliyofuata imelegea tena. Nikabadilisha washa, kile kipete kinachokaa chini ya skrubu. Ikalegea. Nikabadilisha mpira, nikidhani mtikisiko wa kamba ndio unaoifungua. Ikalegea. Mnajua fundi anavyoudhika kifaa kikimdharau! Wiki nzima nilikuwa naiwaza ile skrubu, napika naiwaza, nafua naiwaza. Lakini niseme na upande wa pili. Siku za Jumapili nilianza kuamka mapema, nikavaa gauni la kutoka, nikanunua karanga mwenyewe ili asitangulie yeye. Kila mara tulipomaliza kupima tulikaa. Alinisimulia Butembo, ubaridi wake wa asubuhi, mke wake alivyokuwa akimcheka kwa kuzungumza na vifaa. Na mimi nilimsimulia mume wangu, mambo ambayo hata wanangu sijawaambia, kwa sababu hawajawahi kukaa muda wa kutosha kuyasikia. Nikirudi nyumbani chumba kilikuwa kile kile, ila niliweza kukivumilia mpaka katikati ya wiki.

Mwishowe nikaamua kuitia gundi. Kuna gundi ya nyuzi za skrubu, tone moja tu, na skrubu haifunguki tena mpaka uipashe moto. Matumizi yake alinifundisha Mzee Kasereka mwenyewe zamani karakanani: unaipaka jioni, asubuhi imekuwa chuma. Nikaichukua kwa rafiki mmoja wa gereji, nikaitia mkobani, nikaenda Kawempe nikijiona mshindi.

Nilikaa kwenye benchi, nikatoa kichupa, nikaishika ile fimbo ya nyuma ili niifungue. Ndipo nikaitazama skrubu kwenye mwanga. Skrubu inayolegezwa na mtikisiko hutoka na kichwa kisafi. Hii ilikuwa imekwaruzwa kingo zote, mikwaruzo mipya inayomeremeta, ya ufunguo wa skrubu unaoteleza. Mikono yangu haitelezi. Ufunguo uliteleza kwa sababu mkono ulioshikilia upinde ulikuwa unatetemeka. Niliona picha nzima: mzee amekaa peke yake mezani kwake, upinde kati ya magoti, anahangaika na skrubu ndogo kwa mkono usiomsikia, ili niwe na sababu ya kuja.

Nilimhurumia, kisha nikajihurumia, kisha nikaona aibu kwamba alilazimika kuvunja kitu ili nimkumbuke, yeye aliyetumia maisha yake kutengeneza. Yeye alikuwa anakitazama kichupa.

"Ile ni nini?"

"Gundi ya nyuzi, Mzee. Ile uliyonifundisha."

"Ukitia, haitalegea tena?"

"Haitalegea."

Akageuka, akaanza kufunga thermosi ambayo tulikuwa hatujaifungua. "Basi ni muzuri," akasema. "Utapumuzika sasa. Namuwongo ni mbali."

Ningeweza kukirudisha kichupa mkobani. Nililifikiria hilo, wallahi. Lakini skrubu ilikuwa karibu kuharibika, na uzito uliolegea unaweza kuchomoka mtu akiwa amevuta. Zaidi ya hapo sikutaka ahangaike tena na ufunguo ule peke yake. Nikadondosha tone kwenye nyuzi, nikakaza, nikafuta mikono. Hakuwa ananitazama.

"Lakini hii inakauka polepole, Mzee," nikasema. "Itabidi nije Jumapili kuangalia kama imeshika."

Aliitazama skrubu, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu, yule fundi aliyenifundisha kwamba asubuhi inakuwa chuma.

"Eee, Mama," akasema. "Ile dawa inachelewaka sana. Ni muzuri uangalie na ile Jumapili ingine."

"Na ingine tena," nikasema.

Akaifungua thermosi.

Nilikwenda Jumapili hiyo, nikaenda na zilizofuata, mvua ikinyesha na jua likiwaka. Nilikuwa nikifika naweka kidole juu ya skrubu, natikisa kichwa, namwambia bado. Naye anaweka cha kwake, anatafakari, anasema kweli, bado. Ndipo anafumba macho na kuvuta, na mimi nasimama nyuma ya bega lake.

Siku tulipomzika, gundi ile ilikuwa bado haijakauka.